Kisiwa cha Maziwe na Mlio wa Baruti: Habari za Pwani ya Tanga

Mhariri wa gazeti letu hili ameniandikia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani. Najua wengi wenu mtatazamia habari za ujenzi wa bweni la kwanza, au za timu yetu ya mpira ilivyowatoa jasho wageni. Habari hizo wenzangu wamekwisha kuziandika, na wameziandika vizuri kunizidi. Mimi nitaandika juu ya kisiwa kimoja ambacho sisi tuliokuwa kidato cha pili mwaka 1976 tulikitembelea kwa mashua, na ambacho ninyi vijana mlio madarasani sasa mkienda huko wakati wa maji kujaa hamtakiona.

Kwanza, lakini, nianze na samaki wa Jumatano.

Wazee wenzangu hawana haja ya kukumbushwa. Siku nyingine zote zilikuwa za ugali na maharage, na Jumatano ilikuwa siku ya ugali na samaki. Mzabuni alileta vikapu vyake asubuhi, na ikifika saa sita harufu ya mchuzi ilipanda mpaka darasani na Hisabati ikawa imekwisha kwa siku hiyo. Samaki wale walikuwa wengi na walikuwa rahisi. Walikuwa pia laini mno, nyama yao ikiachana na mfupa kabla hujaigusa, na sisi tulidhani ni ufundi wa mpishi.

Alikuwapo mwenzetu mmoja bwenini, mtoto wa kijiji cha wavuvi kusini ya mji. Jumatano moja alimwinua samaki katika sahani yake, akamfungua kwa vidole viwili, akatuonyesha uti wa mgongo uliokatika katikati na damu iliyoganda kando yake. "Huyu ni wa baruti," akasema, akaisukuma sahani. Tulimcheka sana, tukagawana samaki wake. Hakutuambia siku ile kwamba ndugu ya baba yake alikuwa na mkono mmoja. Hilo tulilijua baadaye, tulipomtembelea kwao wakati wa likizo.

Na mlio wenyewe tulikuwa tukiusikia. Asubuhi bahari ikiwa shwari, kilikuja kishindo kizito kutoka upande wa miamba, kama mtu aliyeangusha gunia la mchele chumba cha pili. Mwalimu alinyamaza kidogo, chaki mkononi, kisha akaendelea kutufundisha namna Waholanzi walivyoifunga bahari ya Zuider Zee kwa boma kubwa lililokamilika mwaka 1932. Mimi mpaka leo naweza kuichora ramani ya boma lile bila kutazama kitabu.

Sasa kisiwa. Maziwe kipo kusini-mashariki ya mji wa Pangani, kama kilomita 8 kutoka pwani ya Ushongo. Hakikuwa kisiwa cha mawe. Lilikuwa fungu la mchanga mweupe lililokaa juu ya mwamba wa matumbawe, na juu ya mchanga ule palikuwa na mivinje na vichaka vilivyoushika kwa mizizi yao. Kasa walikitumia kutagia mayai tangu zamani zisizohesabika, na kwa habari ya wale kasa wadogo wa rangi ya zeituni hapakuwa na mahali pengine katika nchi yetu palipojulikana kuwashinda Maziwe. Serikali ilikifanya kuwa eneo tengefu la bahari mwaka 1975, pamoja na visiwa na mafungu mengine kama Bongoyo na Mbudya karibu na Dar es Salaam. Lakini maeneo yale yalitengwa katika karatasi tu. Hapakuwa na mlinzi wala mashua ya doria, na wavuvi wengi, kwa kadiri nilivyopata kusikia kwao wenyewe, hawakujua kwamba chochote kimetangazwa.

Sisi tulifika mwaka uliofuata. Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa mtu wa kupenda kuona mambo kwa macho, Mungu amrehemu. Alituchukua wanafunzi ishirini na kitu, tukalala Pangani kwenye sakafu ya darasa la shule ya msingi, na alfajiri tukatweka. Nakumbuka kwamba mivinje ilikuwa bado ipo, lakini michache, na upande wa mashariki mingine ilikuwa imelala mchangani, mizizi juu, ikipigwa na mawimbi. Palikuwa na majivu ya mioto ya wavuvi waliopiga dago. Nahodha, mzee wa Kipangani mwenye kikofia kilichofifia, alituambia kwamba alipokuwa kijana mtu aliweza kukizunguka kisiwa kile kivulini. Kuni zimekatwa, akasema, na boriti zimekatwa, na mchanga usio na mti ni mgeni, hukaa siku mbili akaaga.

Mwalimu akatupa kazi. Tugawane kisiwa vipande vinne, kila kundi lihesabu miti iliyo hai, visiki, na miti iliyoangushwa na maji. Tulihesabu kwa bidii kubwa, kwa kuwa aliahidi biskuti. Tuliporudi shuleni tuliandika ripoti, tukachora ramani kwa wino wa rangi tatu, na mwalimu akaisahihisha na kuisifu. Kisha ikawekwa katika kabati la Jiografia. Kama nilivyosema, mimi nilikuwa mmojawapo wa walioiandika, na nasema kwa masikitiko kwamba haikumpitia akilini hata mmoja wetu, mwalimu wala mwanafunzi, kwamba nakala moja ingeweza kupelekwa kwa Mkuu wa Wilaya, au ikasomwa kwa sauti kwa wavuvi wa Pangani, au ikapelekwa Radio Tanzania. Ripoti ilikuwa ya kupata alama. Tulipata alama.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja Maziwe, na kisiwa kikawa fungu linalofunikwa na maji kila yajaapo. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha taarifa juu ya historia ya kuharibika kwake na sababu zinazoweza kuwa zilikiangamiza. Ukataji wa miti ni mojawapo, na mabadiliko ya bahari yenyewe yana sehemu yake. Si haki kumtwisha mvuvi mwenye shoka mzigo wote. Lakini fikirini jambo hili: eneo lilitangazwa kulindwa mwaka 1975, na haikupita hata miaka kumi, kilichotakiwa kulindwa kikawa hakipo.

Vijana huniuliza: mwamba na mchanga vina uhusiano gani? Vina uhusiano wa karibu kuliko tulivyofundishwa. Mchanga mweupe wa pwani zetu, sehemu yake kubwa, ni matumbawe na makome yaliyosagika, na msagaji mmoja mkubwa ni pono. Sote tumewahi kuambiwa na mama zetu kwamba tunalala kama pono, lakini pono akiamka ni mfanyakazi hodari. Huyatafuna matumbawe kwa meno yake kama ya kasuku ili apate mimea midogo iliyomo, na kile asichohitaji hukitoa kikiwa mchanga safi. Tena mwamba ulio hai huvunja nguvu za mawimbi mbali na ufuko. Palipo na mwamba mzima na mikoko nyuma yake, pwani hukaa. Ukiuua mwamba umemwondoa anayeleta mchanga, na umemwondoa pia aliyekuwa akikinga mawimbi yasiuchukue.

Na baruti huua mwamba. Mvuvi hujaza chupa au mkopo kwa baruti iliyotoka machimboni au kwenye ujenzi wa barabara, au huchanganya mbolea ya chumvichumvi na mafuta ya dizeli, akatia fataki na utambi. Huvizia kundi la samaki, akawasha na kutupa. Mshindo hupasua kibofu cha hewa ndani ya samaki na kuvunja uti wake. Baadhi huelea, wengi huzama na hawaokotwi, na vifaranga hufa pamoja na wazazi. Matumbawe huvunjika yakawa kokoto. Kokoto hizo hubingirika kila mawimbi yapigapo, kwa hiyo tumbawe changa halipati mahali tulivu pa kushika, na shimo moja la sekunde moja laweza kukaa miongo bila kupona. Utambi nao una hila zake. Ukiwa mfupi mno hulipukia mkononi, na ndiyo maana katika vijiji vya pwani yetu mtu wa makamo mwenye mkono mmoja haulizwi kilichompata.

Uvuvi huu ulishika mizizi Tanganyika katika miaka ya 1960. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliukataza waziwazi. Basi sheria ilikuwapo tangu kabla sisi hatujaingia kidato cha kwanza. Na samaki wa Jumatano waliendelea kuja.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo linaloniuma. Miaka ile nchi yetu ilisifika duniani kwa elimu ya umma. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni 2 wakikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Mimi mwenyewe nilipokuwa likizo kijijini niliwasomea watu wazima vijitabu vile, na naapa sijaona tena mikutano yenye uhai kama ile. Lakini bahari haikupata kampeni yake. Tulifundishwa kupanda miti milimani wakati mivinje ya mwisho ya Maziwe inaingia majini. Hata katika Historia tulikariri kwamba Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na ni vyema tulikariri, lakini bahari iliyoufanya mji wa Pangani uwe na thamani ya kupiganiwa haikuwa na ukurasa.

Wenzetu wa Kenya walikuwa wametangulia kwa upande mmoja. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Kwetu sheria ya hifadhi za bahari ilipitishwa mwaka 1994, na Mafia ikawa hifadhi ya kwanza mwaka 1995.

Mwaka huohuo wa 1994 ndipo mkoani Tanga ulipoanza mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani, serikali ya mkoa ikisaidiwa na shirika la kimataifa la IUCN na fedha za serikali ya Ireland. Walipoikagua miamba 58 mwaka 1995 waliona kwamba asilimia 12 imekwisha kuharibika kabisa, asilimia 64 iko katika hali mbaya au ya wastani, na asilimia 24 tu ndiyo mizuri. Hesabu hiyo ilinirudisha kwenye kabati letu la Jiografia. Lakini safari hii hesabu haikufungiwa. Watu wa mpango walikwenda vijijini, Kigombe, Kipumbwi, Mwambani, wakakaa barazani na wavuvi, wanawake wachuuzi na wazee, wakauliza: samaki wamepungua tangu lini, na kwa nini? Wengi walitazamia kuwafundisha wavuvi. Kumbe wavuvi walijua. Walijua kila mwamba kwa jina na mwaka ulipokufa, na wapigaji baruti waliwajua pia, wengine wakiwa wageni na wengine watoto wao wenyewe. Kilichokosekana ni mahali pa kuyasema, na mtu wa kuwaunga mkono wakisema.

Vijiji vikachagua kamati zao, vikaandika mipango yao, na huko Kigombe watu wenyewe wakakubali kuifunga baadhi ya miamba yao isivuliwe kwa miaka kadhaa. Kwa mvuvi wa ngalawa, kukubali hivyo ni kama mkulima kukubali shamba lake lilale. Jeshi la Wanamaji likashirikiana katika doria, mikoko ikapandwa, kilimo cha mwani kikafunzwa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 mlio ulipungua sana, na samaki katika miamba iliyofungwa wakaonekana kuongezeka. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi yakapauka na kufa, jambo ambalo hakuna kamati ya kijiji iliyoweza kulizuia.

Ng'ambo ya pili ya mkondo, kisiwa kidogo cha Chumbe karibu na mji wa Unguja kilipata bahati nyingine. Chumbe kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, chini ya usimamizi wa kampuni binafsi isiyotafuta faida. Wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi. Wanafunzi wa shule za Unguja wakaanza kuletwa, wakavalishwa miwani ya kuzamia na maboya, wakatumbukizwa kichwa majini ili waone. Mtu asiye wa pwani atashangaa, lakini watoto wengi wa visiwani, na hasa wasichana, walikuwa wameishi maisha yao yote mita chache kutoka baharini bila kupata kuona kilichomo. Kisiwa hicho kilipata tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Nami nikifikiria ziara yetu ya 1976, naona kwamba hata sisi, pamoja na bidii yetu yote ya kuhesabu visiki, hatukutia kichwa majini.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Baruti ilirudi katika miaka ya mwanzo ya 2000. Sheria mpya ya uvuvi ya mwaka 2003 ilikuja, mpango wa Tanga ukamalizika mwaka 2007, na mlio ukaendelea. Mwezi Machi na Aprili 2015 watafiti walipita kwa chombo pwani nzima ya Tanzania Bara wakisikiliza kwa vinasa sauti vya majini, wakathibitisha milipuko 318 katika siku 31, na zaidi ya nusu ilikuwa karibu na Dar es Salaam. Si Pangani, wala si vijijini kwa watu wanaosemwa kuwa hawana elimu; ni kando ya jiji lenye mahakama, vyuo vikuu na wanunuzi wa samaki.

Maoni yangu, nanyi mna haki ya kuyapinga mkutanoni, ni kwamba kwa miaka mingi tulimfundisha mtu asiye sahihi. Tulimfundisha mvuvi, naye alikuwa anajua. Mzabuni hatukumfundisha. Mpishi wa shule hatukumfundisha amfungue samaki aangalie uti. Bibi sokoni, mwenye hoteli, hakimu aliyemtoza mpiga baruti faini ndogo kuliko thamani ya kapu lake, hao hawakuitwa barazani. Na sisi wanafunzi ishirini na kitu tuliopewa somo lote bure, sahanini na kisiwani, tulikula na kupata alama. Kikosi cha pamoja cha polisi na idara nyingine kilipoundwa mwaka 2015 na kuanza kuwafuata wauzaji wa fataki na wenye fedha, si wale vijana wa mitumbwini peke yao, ndipo kuanzia mwaka 2016 milipuko ikapungua kwa haraka. Niliposikia hivyo nilifurahi, na nikaona aibu kidogo, kwa sababu minyororo ile ya biashara ilikuwa wazi kwetu sote tangu tukiwa na miaka kumi na sita. Mwisho wake mmoja ulikuwa mezani petu.

Nisisahau habari moja njema, maana nikiiacha watu wa Tanga watanilaumu. Ni ile ya silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu wa dunia walidhani amekwisha kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 majarife ya wavuvi wa Tanga yaliyotegwa kwenye kina kirefu yalianza kumtoa, na mwaka 2009 likatangazwa eneo la hifadhi ya bahari kwa jina lake. Shule yetu sasa iko umbali mfupi kutoka kwa mnyama ambaye mabingwa huvuka bahari kuja kumtafuta.

Mara ya mwisho nilipokwenda Maziwe tulikuwa watu wanane, mmoja wao kijana wa kidato cha pili, mjukuu wa yule mwenzetu wa Jumatano. Tuliondoka Ushongo maji yakitoka. Fungu lilikuwa limejitokeza, jeupe kama sahani. Kasa bado wanakuja. Huja usiku kutaga pale palipokuwa na kisiwa, na kwa kuwa maji yatafunika mayai, watu wa Ushongo huyafukua kwa mikono na kuyahamishia pwani ya bara, wakayafukia upya na kuyalinda mpaka vifaranga watoke. Tulimkuta mmoja wao amepiga magoti, ndoo yake ya mchanga pembeni, akiyapanga mayai bila kuyageuza, kwa namna yalivyokuwa yamelala.

Kijana akaniuliza ile miti niliyoihesabu ilikuwa upande gani. Nilisimama, nikatafuta, nikashindwa kujua mashariki ya kisiwa ni ipi pasipo kisiwa. Nikaonyesha majini, mahali fulani. Akachukua simu yake akapiga picha ya mahali hapo, bahari tupu, kisha akauliza kama ripoti ile bado ipo shuleni na kama anaweza kuomba ufunguo wa kabati. Nahodha akatuita tupande, maji yalikuwa yameanza kurudi.